Niliwapelekea kanda za mama, wakanirudishia Kanumba bonge

Jina la duka sitalitaja. Nina lawama zangu, shukrani pia ninazo, na vijana wale wanatafuta riziki kama mimi ninavyoitafuta kwenye cherehani. Wanaopita huko watalijua tu: Kariakoo, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba ambazo ukikutana na mtu kabeba belo la mitumba lazima mmoja wenu arudi chini. Mlangoni wamebandika karatasi: TUNAHAMISHA KANDA ZA VIDEO NA KASETI KWENDA KWENYE FLASHI. TUNATENGENEZA REMOTI. Chini yake mtu kaongezea kwa kalamu, "Choo hakuna."

Mama yangu alitutoka mwaka jana, mwezi wa tisa. Baada ya kumaliza matanga tukagawana vyombo. Kaka zangu wakachukua friji na kabati, dada akachukua vitenge vyote vya maana, wifi mmoja akaondoka hata na kinu. Mimi kitinda mimba nikabaki na boksi la biskuti lililofungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na kanda nne za video, zile E-180 za saa tatu. Ya kwanza imeandikwa JAHAZI. Ya pili, DIRA NA TAARIFA YA HABARI. Ya tatu, MTOTO WA SHY. Mwandiko wa mama, kalamu ya bluu iliyokwisha kufifia, na chini ya kila jina neno moja kwa wino mwekundu: MSIFUTE. Ya nne haikuwa na jina wala onyo, na kwa ndani ilikuwa imeota ukungu mweupe kama mkate wa juzi.

Jahazi na Dira ilikuwa michezo ya kuigiza ya TV. Mtoto wa Shy ni Steven Kanumba, mwigizaji. Sisi kwetu ni Shinyanga, na Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaenda sekondari Mwadui, kule kwenye mgodi wa almasi, kisha akaja Dar es Salaam kuendelea na masomo, Dar Christian Seminary na baadaye Jitegemee. Mama hakuwa na undugu naye hata wa kuokoteza. Lakini mwonyeshe mtu wa Shinyanga aliyehamia Magomeni kijana wa kwao kwenye TV, halafu kaa pembeni usikilize. "Kale ka Bugoyi kale," alikuwa anatuambia, utadhani yeye ndiye aliyemlipia ada.

Wadogo zangu mliozaliwa na simu mkononi inabidi niwaeleze kidogo. Bara tulichelewa TV. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi huku tukaja kuipata mwaka 1994 ITV ilipoanza kurusha. Kanumba alijiunga na Kaole, kundi la maigizo, mwaka 2002, akiwa na miaka 18, na mwaka huo TV mtaani kwetu ilikuwa bado kitu cha kwenda kuangalia kwa jirani. Jirani mwenyewe tulikuwa sisi. TV ya chogo ya inchi 21, deki ya kanda chini yake, kitambaa cha kufuma juu yake. Siku za michezo ya Kaole sebule inajaa, watoto wanakaa chini, wakubwa kwenye makochi, na wasiopata nafasi wanasimama dirishani kwa nje. Mama hakutoza mtu hata senti, alichotaka ni ukimya. Akimwona Kanumba tu anainuka na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, REC na PLAY. Ndiyo maana kanda zake zote zinaanza katikati ya sentensi ya mtu.

Deki ilikufa zamani. Kwa hiyo nikabeba boksi, nikapanda zile ngazi.

Hapa niwasifu kwanza. Pale kaunta kuna binti, mdogo tu, anaijua kazi. Alinipa shikamoo, akachukua kanda moja moja, akakifungua kile kifuniko cha mbele kwa kucha, akamulika utepe kwa tochi ya simu akiuzungusha taratibu kwa kalamu. Tatu za kwanza akasema, "Mama, hizi zimetunzwa. Zilikaa kavu." Ya nne akaiangalia muda mrefu zaidi, akairudisha kwenye boksi. "Hii ina fangasi. Nikiiweka kwenye deki yangu itachafua kichwa, na kanda za wateja wengine zitaumia. Siipokei." Mtu mwingine angekula hela yangu halafu akaniambia imekataa. Huyu aliikataa kabla hela haijatoka kwenye pochi. Kwa hilo peke yake nampa nyota.

Bei ni shilingi 15,000 kwa kanda. Nikaomba wanipunguzie, tukaishia 40,000 kwa zote tatu, flashi ya kwangu. Nikaliacha boksi zima, nikaandikiwa risiti ya mkono. "Siku tatu, mama."

Zikawa siku kumi na saba. Sitaki kulipigia kelele sana hili, mafundi ndio zao, na hata mimi wateja wangu wa magauni ya sendoff wananijua. Lakini ukipigiwa hesabu ya siku tatu, usimwalike mtu nyumbani siku ya nne kuja kuangalia. Mimi nilimwalika dada yangu kutoka Mbagala, akala ubwabwa akaondoka.

Siku ya kuipata flashi nilirudi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Nikachomeka kwenye TV, nikamwita mwanangu aje kukaa na mimi. Yuko kidato cha tatu, Kanumba anamjua kwa vipande vya kuchekesha vinavyozunguka kwenye simu. Picha ikaja. Mistari ya kanda kuukuu inapita chini ya skrini, sauti inakoroma kidogo, sebule ya watu, kochi, pazia, na pale karibu na mlango kijana amesimama.

"Mama," akasema mwanangu, "mbona bonge?"

Na kweli, Kanumba alikuwa bonge. Mashavu yamevimba, mabega mapana kama ya beberu wa mieleka. Nikajiambia labda nimesahau, miaka ishirini si mchezo. Lakini mimi ni fundi nguo, miili ya watu ndiyo kazi yangu, na yule kijana hakuwa na mwili ule. Halafu nikawaangalia wengine. Kila mtu bonge. Hata mama aliyekaa kwenye kochi, hata kochi lenyewe. Ukutani nyuma yao kulikuwa na saa ya mviringo, ila haikuwa mviringo tena, ilikuwa yai lililolala.

Nikasimamisha picha, nikaenda kuchukua tepu ya kazini, nikaipima ile saa pale pale kwenye skrini. Upana sentimita 12, urefu sentimita 9. Mwanangu akanicheka, lakini hesabu akaifanya: upana umezidi kwa theluthi ya urefu. Ndiye aliyenieleza kwamba picha ya TV za zamani ilikuwa na upana wa 4 kwa urefu wa 3, na hizi flati za sasa ni 16 kwa 9. Ukiichukua ile ya zamani ukailazimisha ijaze hii mpya, kila kilichomo kinapanuliwa theluthi moja. Wangeniachia weusi pande zote mbili picha ingekaa ilivyo. Wao waliivuta.

Kesho yake nikapanda ngazi tena. Safari hii nilimkuta kijana wa kompyuta, si yule binti. Nikamwonyesha.

"Mama, sisi tunaijaza skrini makusudi. Wateja wakiona ule weusi pembeni wanasema tumewapunja."

"Mwanangu, mteja akinijia anavaa namba 38, nikamshonea 46, nimwambie nimemjazia?"

Akacheka. Si kijana mbaya. Na nikikumbuka mtaa wetu, hapo ana hoja, maana nawajua watu ambao wangerudi kulalamika picha haijafika pembeni. Ila angeuliza. Swali lenyewe halina gharama: mama, unataka ijae au ikae ilivyo?

Binti akaja kutoka nyuma anakula muhogo, akasikiliza nusu ya maneno yangu, akainama kwenye kompyuta bila hata kukaa, akabonyeza mahali fulani. Picha ikajikusanya. Saa ya ukutani ikawa duara. Na yule kijana karibu na mlango akapungua mbele ya macho yangu, akarefuka, shingo ikatokeza, akarudi kuwa yule mtoto wa miaka 18 ambaye mama yangu alikuwa anamwinukia kwenye kochi. Nilishika kaunta. Binti akanisogezea stuli hakusema kitu.

Sasa nije kwenye makosa mengine. La kwanza, matangazo. Kijana wa kompyuta aliyakata yote, anasema aliisafisha kazi. Mimi matangazo yale nilikuwa nayataka kuliko hata michezo! Ile kanda ya pili mama aliiachia ikaendelea mpaka taarifa ya habari, na nilitaka kuona sabuni zilizokuwa zinatangazwa, nywele za watangazaji, bei za vitu. Yote yamefyekwa. La pili, namba ya simu ya duka imekaa chini kushoto muda wote, nyeupe, mfululizo. Muigizaji akisogea upande ule inamkaa kifuani kama namba ya mfungwa. La tatu, kadiri kanda inavyoelekea mwisho sauti inaachana na mdomo. Dakika za kwanza sawa, saa ya tatu mtu anafunga mdomo ndipo unamsikia anaongea.

Nilipoyasema haya walirudia kanda zote tatu bila kunidai nyongeza. Siku sita. Namba ya simu wameitoa, matangazo yamerudi, sauti imekaa vizuri isipokuwa kipande cha mwisho cha kanda ya tatu, ambacho binti alisema utepe wenyewe umevutika kwa kuchezwa sana. Hilo nalikubali. Najua ni nani aliyeuchezesha.

Basi nikakaa jioni tatu mfululizo, nikaangalia. Stori siwezi kuwasimulia, mama alirekodi kwa kudandia na hakuna mchezo hata mmoja uliokamilika. Mimi nilikuwa namtafuta yeye. Na nilichogundua ni kwamba hayuko mbele. Kumbukumbu ilikuwa imenidanganya, nilidhani michezo ile ilikuwa yake. Wapi! Wanaoongea ni wakubwa, na wanaongea kwelikweli. Kamera ya Kaole haikuwa na haraka: inasimama, watu wanagombana hadi ugomvi uishe, nje jogoo anawika na hakuna anayejali. Kijana mgeni kwenye kundi, kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya kamera ile muda wote na kusikiliza.

Hapo ndipo pa kumwangalia. Wengi wakiwa hawana maneno wanazima, unaona kabisa mtu anasubiri zamu yake, macho yanatafuta kamera. Yeye anasikiliza kwa uso mzima. Mkubwa akitamka neno zito, yeye shingo inarudi nyuma kidogo kabla uso haujabadilika. Mikono ndiyo iliyokuwa inamshinda. Mara mfukoni, mara kiunoni, mara inashikana kwa mbele kama mtu aliye foleni ya kanisani. Nilirudisha kipande kimoja mara nne kuiangalia ile mikono tu. Ikifika zamu yake anaongea wazi, hamezi maneno. Mama alikuwa anaapa kwamba anasikia lafudhi ya kwetu ndani yake. Mimi nimeitafuta jioni tatu sijaisikia.

Kaole ile ilikuwa shule. Jina lenyewe ni la yale magofu ya Bagamoyo, na ukitaja leo watu wanaokumbukwa kupitia pale unapata nusu ya waliokuja kuitwa Bongo Movie: Ray, yaani Vincent Kigosi, Johari, Dr. Cheni, na wakubwa kama Bi Hindu ambao hata kuvua kanga walikuwa wanakufanya uamini. Kijana aliyesimama chumba kimoja na watu hao wiki baada ya wiki alikuwa anasoma bila daftari. Jahazi na Dira ndiyo michezo iliyomtoa mtaani ikamfanya awe jina. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi anayependa kuigiza, na wa aina hiyo kila shule inao.

Ya baadaye mnayajua, nitayapitia haraka. Akaiacha TV akaingia kwenye filamu za kuuzwa madukani. Akafanya kazi na Wanaijeria, ile Dar to Lagos akiwa na Mercy Johnson, baadaye Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah. Akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great. Akaigiza na wale watoto wawili, Jennifer na Patrick, ambao nchi nzima iliwapenda kwenye Uncle JJ. Mwaka 2009 akaalikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, watu wakamcheka Kiingereza chake wiki nzima. Mama aliumia kama aliyechekwa yeye. "Wao Kisukuma wanakijua?" akawa anauliza kila aliyekuja dukani kwake kununua chumvi.

Niseme jambo litakalonigombanisha na watu. Filamu zake nyingi za miaka ile ya mwisho zinanichosha. Majina ya Kiingereza, maongezi ya Kiswahili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili wakati moja ingetosha, na muziki wa huzuni unaoanza kabla huzuni yenyewe haijafika. Yeye ndani yake ni mzuri, simkatai. Lakini pale ni bosi, suti imepigwa pasi, kila mtu anamsikiliza yeye. Baada ya jioni zangu tatu nampenda zaidi yule wa karibu na mlango, asiyejua mikono aiweke wapi. Mwanangu anasema natamani ujana wangu. Inawezekana.

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, ana miaka 28. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Yaliyofuata mahakamani yameandikwa vya kutosha na mimi sina la kuongeza. Ninachokumbuka ni Jumanne yake, tarehe 10, mama akiaga asubuhi anakwenda Leaders Club, mwili wa Kanumba ulikokuwa unaagwa. Tulimkataza. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba barabara zile za Kinondoni hazikupitika. Alirudi jioni kwa miguu, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki huko, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, hataki kuulizwa. Kumwona hakumwona. Makaburini Kinondoni alifika nje ya ukuta akarudi.

Usiku ule alitoa lile boksi la biskuti chini ya kitanda akakaa nalo sebuleni. Deki ilikuwa imeshakufa, hakuwa na cha kuzichezea. Mimi nilidhani anazipanguza vumbi. Juzi ndiyo nimeziweka mezani, nikazitazama vizuri kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kwamba majina ya bluu yamefifia mpaka yanakaribia kijivu na ule wino mwekundu bado umekoza. Haukuandikwa mwaka mmoja na majina.

Narudi dukani. Siku nilipokwenda kuchukua kazi iliyorekebishwa, kijana wa kompyuta aliniuliza kwa adabu, kidogo kidogo, kama mtu anayeposa: "Mama, hivi hivi vipande tungeviweka YouTube? Vya Kanumba wa Kaole havipatikani ovyo. Vitatazamwa sana." Nikamwambia kurekodi alirekodi mama yangu, lakini mchezo ni wa wenyewe, wa Kaole na wa kituo kilichourusha. Akasema mbona filamu zake zimetapakaa huko, zimewekwa na watu hata hawakumjua. Nikamwambia ndiyo hivyo, na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Binti akamwambia, "Nilikwambia." Nikamwomba anionyeshe anavyofuta nakala kwenye kompyuta yao, akafuta nikiwa nimesimama. Kama anayo nyingine mahali, anajua yeye na Mungu wake. Ukipeleka kanda zenye mambo ya familia, fanya kama mimi, simama pale mpaka uone.

Nyota natoa tatu na nusu kati ya tano. Bei ni ya haki. Wakikosea wanarudia bila kukukunjia uso, na hilo Kariakoo si jambo dogo. Picha niliyo nayo sasa ni safi kuliko ninavyoikumbuka kwenye chogo letu, kwa sababu chogo letu lilikuwa na kijani kilichozidi upande wa kulia. Ukienda, muulize binti na si kijana, mwambie kwa mdomo wako kwamba hutaki picha ivutwe, hutaki kitu kikatwe, hutaki namba ya simu ya mtu juu ya uso wa mtu. Wakikuambia siku tatu wewe weka wiki tatu. Na haja ndogo imalizie chini, karatasi ya mlangoni haitanii.

Nusu nyota iliyopungua ni kwa sababu ya mfuko. Walinirudishia kanda zangu nne kwenye mfuko mweusi, nikazihesabu, nne. Nimefika Tabata ndipo naangalia: Jahazi ipo, Dira ipo, Mtoto wa Shy yupo, na ile yenye ukungu haipo. Mahali pake kuna kanda ya mtu mwingine, imeandikwa SENDOFF NA HARUSI 1999, RUDISHENI. Na mimi ile ya ukungu ndiyo naitafutia fundi wa kuisafisha, maana isiyo na jina ndiyo sijui mama aliweka nini. Nikapanda daladala tena. Yangu ilikuwa imewekwa na takataka za kutupa, bahati gari la taka halijapita.

Kwa hiyo kama ulifunga ndoa mwaka 1999, na kanda yako uliipeleka ghorofani Kariakoo ukaambiwa haionekani, rudi kaidai. Nimeiweka kwa mkono wangu pale kaunta, kulia, chini ya boksi la remoti. Mwandiko ni wa wino wa kijani.